Tumezunguka Msitu wa Rau hatukuona kitu: tulikosea wapi?

SWALI: Shikamoo mzee. Nilihamia Moshi mwaka jana kikazi, tunaishi Pasua. Jumapili moja niliwachukua wanangu wawili, mmoja ana miaka 6 na mwingine 11, pamoja na mama mkwe aliyekuwa ameshuka kutoka Kibosho, tukaenda kutembea Msitu wa Rau. Tulifika kama saa sita mchana. Tukalipa, tukapewa kijana wa kutuongoza, na hata saa moja haikuisha tukawa tumemaliza njia. Hatukuona hata kima mmoja. Mdogo aling'atwa na siafu akalia njia nzima. Mama mkwe ndiye aliyenimaliza kabisa: "Yaani mmelipa hela kuja kuangalia miti? Kibosho miti si ipo bure?" Rafiki yangu wa Arusha anasema bora ningewapeleka Duluti, angalau kule kuna ziwa. Nirudi Rau au niachane nayo? Na nikirudi, nifanye nini tofauti?

JIBU: Marahaba mwanangu. Poleni, hasa huyo mdogo. Kwa mama mkwe nimecheka, naomba usimfikishie. Lakini nitamtetea hapo mbele, kwa sababu katika msafara wenu wote mtaalamu alikuwa yeye, na hakuna aliyemwuliza kitu.

Mimi ni bwana miti mstaafu. Nilifundishwa misitu chuoni Olmotonyi, nikafanya kazi ya kupima miti miaka mingi, na kwa miaka ya mwanzo nilitembea msituni kama mlivyotembea ninyi: haraka, macho mbele, nikihesabu. Kwa hiyo ninayokuambia si ya mtu aliyezaliwa anajua.

Kwanza hiyo saa. Kuingia msituni saa sita mchana ni sawa na kwenda soko la Mbuyuni usiku wa manane halafu ukalalamika hakuna nyanya. Kima wa pale wa kutafuta kwanza, mbega, yule mweusi na mweupe, hula majani, na majani ni chakula kizito. Tumbo lake lina vyumba, na majani yanachachishwa humo na vijidudu kama ilivyo kwa ng'ombe. Kazi hiyo inataka muda na utulivu. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mchana mbega anakaa tu, juu kabisa, kwenye tawi lenye kivuli, hasemi neno. Inawezekana mlipita chini ya familia nzima, wao wakiwaona ninyi vizuri sana.

Ungefika jua linapochomoza ungekuta habari nyingine. Madume hunguruma alfajiri, mlio mzito unaoviringika kama pikipiki kuukuu inayokataa kuwaka, na dume mmoja akianza wa upande wa pili anajibu. Halafu wanapanda vileleni kuota jua. Hapo usimtafute mnyama, tafuta mkia. Mkia wa mbega wa huku kwetu ni mrefu, mweupe, umejaa manyoya, unaning'inia wima chini ya tawi, na msituni vitu vinavyoning'inia wima na kuwa vyeupe ni vichache. Ukiupata mkia, panda nao kwa macho hadi umfikie mwenyewe. Kisha mwambie huyo wa miaka 11 aangalie mkono wake akiwa ameshika tawi: kidole gumba hakipo, kimebaki kama kinundu tu. Vidole vinne vinamtosha kama ndoano.

Kima wa kawaida ni tofauti. Huyo hatulii, anakula matunda, anatupa maganda. Ukisikia vitu vinadondoka na hakuna upepo, simama.

Kwa hiyo ongeeni na ofisi ya msitu siku moja kabla, mwambie mwongozaji mnataka kuingia mapema iwezekanavyo. Saa moja asubuhi ni vizuri. Saa mbili bado si mbaya. Ikishindikana kabisa, nendeni jioni kuanzia saa kumi, ila mjue kuna mbu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo nadhani mwongozaji hakuwaambia, au aliwaambia mkiwa mnatembea likapita. Rau haitakiwi kuwa pale ilipo.

Fikiria. Mvua ya mwaka mzima hapa Moshi mjini kwa kawaida haifiki milimita 1,000. Kwa mvua ya namna hiyo, na joto letu hili, unategemea migunga na vichaka, kama unavyoona ukiteremka kuelekea uwanda wa Kahe. Lakini unaingia Rau, kilomita chache tu kutoka mjini, unakuta msitu wa hekta 570 hivi wenye miti ambayo ukiinua shingo kofia inadondoka. Maji yanatoka wapi?

Yanatoka chini. Huu ni msitu wa maji ya ardhini. Mvua nyingi ya Kilimanjaro hainyeshi huku wala kileleni. Inanyesha kwenye ukanda wa msitu wa mteremko wa kusini, juu ya Kibosho na Machame, ambako kwenye mwinuko wa kama mita 2,000 inapita milimita 2,000 kwa mwaka kwa urahisi. Maji yanazama kwenye miamba ya volkano iliyojaa nyufa na vitundu, yanateremka chini kwa chini, na yakifika tambarare hapa mguuni mwa mlima, kwenye mwinuko wa mita 700 na kitu, yanapata njia ya kuibuka. Ndiyo chemchemi za Njoro hizo. Mizizi ya miti ya Rau imezama kwenye maji yaliyonyesha juu ya nyumba ya mama mkwe wako.

Hapa watu wengi hunikatiza: "Si maji ya theluji hayo?" Hapana. Barafu iliyobaki Kibo, kilele cha Kilimanjaro, ni kidogo mno ukilinganisha na mvua ya ule ukanda wa msitu. Barafu inapungua na inauma kuitazama, lakini mito yetu na chemchemi zetu hazikuwahi kuitegemea kiasi hicho. Zinategemea ule msitu wa juu, ambao unazuia mvua isiporomoke ovyo, na unakamata hata ukungu ukadondoka matone. Nimebishana na watu kuhusu hili vijiweni na misibani, na sijachoka.

Na maji hayo hayaishii kwenye mizizi. Yanatoka yakaenda kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini na Chekereni, ule mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi uliojengwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Japani. Ninyi mnaishi Pasua, Mabogini ni jirani zenu. Kuna uwezekano mkubwa wali mliokula Jumapili ile mliporudi mmekasirika ulipikwa na mchele wa maji ya msitu mliokuwa mnausema.

Haya si maneno ya kuwahutubia watoto. Wafanyie hivi. Mkiwa bado nje, pembeni ya msitu, kila mmoja aguse ardhi kwa kiganja: vumbi, joto, nyepesi. Kisha ingieni, tembeeni hatua kama mia moja, simameni mahali mwongozaji anapoona ni salama, mguse tena. Udongo ni mweusi, wa baridi, unashikana ukiuminya. Hakuna mvua iliyonyesha kati ya hatua ya kwanza na ya mia moja. Waulize wao kwa nini, halafu unyamaze. Mtoto wa miaka 6 anaweza kulifikia jibu akipewa muda, na mara nyingi anafika kabla ya baba yake. Kwenye tope la karibu na maji, kama jua limepanda kidogo, tazameni pia vipepeo waliojikusanya chini kama vipande vya karatasi. Wananyonya chumvi kwenye tope. Msiwakimbilie. Chuchumaeni.

Tuje kwenye mvule. Najua mmeonyeshwa mvule mkubwa, maana hakuna anayeingia Rau asionyeshwe, na najua mmepiga picha mmesimama mbele yake. Mvule unaweza kufika mita 50, kwa hiyo picha yenu itakuwa na watu wanne na ukuta wa magamba. Ninyi mmekwenda kuuona urefu. Mimi ningewaonyesha mambo mengine.

Nilipokuwa kijana kazini nilisimamia kupasuliwa kwa gogo la mvule. Wapasuaji walikuwa wazee wa kazi, msumeno mkubwa wa watu wawili, mmoja juu ya jukwaa mmoja chini. Mbao ilikuwa inakwenda vizuri, unga wa kahawia unamwagika, mara msumeno ukalia mlio ambao sijausahau, kama mtu anakwangua sufuria kwa msumari. Yule wa chini akaruka pembeni. Meno matatu yamelala. Nikadhani kuna mtu alipigilia chuma zamani. Mzee wa juu akacheka akaniambia, "Bwana miti, hilo ni jiwe." Tukachokoa kwa shoka, kweli: jiwe jeupe lenye ukubwa wa ngumi, katikati ya mbao, halina mlango wa kuingilia.

Mvule hutengeneza jiwe. Mti unavuta hewa ya ukaa kama miti yote, sehemu yake unaihifadhi kama chumvi fulani za kalisi, kisha bakteria na kuvu wanazigeuza kuwa chokaa, ndani ya shina na kwenye udongo kuzunguka mizizi. Yaani kitu kilichokuwa hewani kinaishia kuwa jiwe. Mafundi seremala wanajua kuhusu mawe hayo tangu zamani, na wanayatukana tangu zamani.

Jambo la pili, mvule una jinsia. Kuna mti dume na mti jike, na ni jike tu anayezaa. Matunda yake yanaliwa na popo, popo wanaruka usiku, mbegu zinadondokea mbali. Mkiona mche mdogo wa mvule, mwombe mwongozaji awasaidie kuutambua, na mtazame majani yake kwa karibu. Mara nyingi utakuta vivimbe vya kijani kama maharage yaliyobandikwa. Ndani ya kila kivimbe kuna mdudu mdogo anayefyonza utomvu. Ndiye anayewatesa wote waliojaribu kupanda mvule mashambani kwa mistari: miche inaota, inavimba, ncha inaoza, inakufa. Kwa hiyo ukiona mvule mkubwa, umeona mche mmoja ulioponea katika maelfu, na hakuna anayeweza kukuahidi mwingine. Hapo ndipo picha inapostahili kupigwa, ila pigeni na mche pia.

Kuna na msoo. Huu hausifiwi kama mvule, na kwangu mimi ndio mti wa Rau hasa. Jina lake la kitaalamu ni Oxystigma msoo. Wataalamu wa miti walilichukua jina la huku wakaliweka kwenye vitabu vya dunia nzima. Ni wa jamii ya kunde, ndugu wa mbali wa maharage, na unapatikana sehemu chache tu za Tanzania na Kenya. Umo kwenye orodha ya miti iliyo hatarini kutoweka. Mtu anaweza kusafiri nusu ya dunia kuja kuugusa, na wewe unaufikia kwa bodaboda. Mwambie mwongozaji kwa jina: "Tunataka kuuona msoo." Utaona anavyokuangalia.

Sasa mama mkwe. Alichosema ni kweli, na ni kikubwa kuliko alivyokusudia. Kihamba cha Kibosho, lile shamba la Mchaga linalozunguka nyumba, ni msitu. Chini kuna magimbi, juu yake kahawa, juu yake migomba, na juu ya yote mringaringa na miti mingine mirefu iliyoachwa makusudi kwa ajili ya kivuli, mbao, mizinga na majani ya mifugo. Wazee hawakukata msitu wakapanda shamba. Waliupunguza, wakaingiza ndizi katikati. Mtu aliyekulia humo akiingia Rau haoni maajabu, anaona kihamba ambacho hakijapaliliwa.

Kwa hiyo safari ijayo mtangulize yeye. Muulize kama anauona msesewe, maana huo hupenda mahali penye maji, na magome yake ndiyo yanayotiwa kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi, ikapata ule uchungu wake. Muulize ni mti gani mwingine aliwahi kuukata, kuutundikia mzinga, kuupikia, kuutibia mtoto. Muulize kuhusu jani la isale, kwa nini mmea wake unapandwa mpakani na kwa nini mtu aliyekukosea akija ameshika jani hilo huwezi kumkatalia. Mwambie awasimulie watoto kuhusu mifongo, mifereji ya wazee ya kuleta maji vihambani, ilivyopangiwa zamu na ugomvi uliotokea mtu alipoiba zamu ya mwenzake. Kisha mwambie kwamba maji ya mlima huo huo ndiyo mliyokanyaga. Sidhani kama atasema tena kuhusu hela. Na akisema, basi.

Kuna faida nyingine. Mwendo wa bibi na mwendo wa mtoto wa miaka 6 vinalingana, na huo ndio mwendo wa msituni. Ninyi watu wa katikati ndio mnaoharibu.

Siafu. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mdogo asiporidhika na hili, hatarudi.

Siafu hawaoni. Wale wanaotembea chini wote ni vipofu, wanafuata harufu ya aliyetangulia. Mstari wao ukiutazama kwa makini una barabara na una walinzi: wadogo wanapita katikati wamebeba mizigo, na wale wenye vichwa vikubwa wamesimama pande mbili, mataya yamefunguka juu, wakitengeneza kama handaki. Ukikanyaga mstari, harufu inavurugika, na wote wanapanda kitu cha kwanza wanachokigusa. Kitu hicho kilikuwa mguu wa mwanao. Akiuma haachii, ukimvuta, mwili unatoka kichwa kinabaki.

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya ni kusimama palepale akipiga miguu chini na kujipapasa. Ukifanya hivyo unaongeza wanaopanda. Kanuni ni moja: ukihisi wa kwanza, kimbia hatua kumi mbele kwanza, ndipo uvue na kuwatoa. Nami nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimewasimamisha wanafunzi, nawaeleza kwa kujiamini kabisa kuhusu tabia za siafu, mgongo wangu umeegemea mti, na sikutazama nimesimama wapi. Nilimalizia somo nyuma ya kichaka, suruali mkononi.

Wakati wa mvua, masika hasa, wanatoka zaidi. Suruali ziingizwe ndani ya soksi, soksi ndefu, viatu vya kufunga. Anayetangulia kazi yake ni kutazama chini, si kuangalia ndege. Mkiuona mstari, vukeni kwa hatua moja ndefu, kisha rudini nyuma mita mbili, mchuchumae mtazame walichobeba: mguu wa panzi, kiwavi mzima, mabuu, yaani watoto wao, meupe kama punje za mchele. Mtoto aliyeumwa akipewa nafasi ya kumtazama adui wake kwa usalama, hofu inageuka hasira, na hasira inageuka maswali. Bibi anaweza kuongezea kwamba siafu wakiingia nyumbani watu hutoka nje na kuwaachia, na wakirudi hakuna mende wala panya.

Mengine ni mafupi. Msiguse maganda yenye manyoya ya dhahabu yanayoning'inia pembeni ya njia, huo ni upupu. Msiingize mkono kwenye tundu wala chini ya gogo. Nyoka wapo, na kwa kawaida wakisikia hatua wanaondoka wenyewe. Ikitokea mtu kang'atwa, msichanje wala kufunga kamba, atulie, mguu usitumike, hospitali moja kwa moja. Upepo mkali ukianza tokeni, matawi makavu hayana taarifa. Na msichukue kitu, hata mche, hata kipande cha gome: ni hifadhi, na Sheria ya Misitu ya 2002 inakataza kuchukua bila kibali. Huyo wa miaka 11 apewe daftari achore.

Sasa namna ya kutembea. Mlimaliza njia ndani ya saa moja. Mimi njia kama hiyo hunichukua saa tatu, na miguu yangu ni mizima, asante Mungu. Ninachofanya ni kukaa. Chagueni vituo vitatu, basi: pembeni ya maji, chini ya mvule, na mahali popote penye mwanga unaopenya. Kila kituo kaeni dakika kumi bila kuongea. Dakika tatu za kwanza hakutakuwa na kitu, maana msitu mzima umenyamaza kwa sababu yenu. Ya nne mtaanza kusikia wadudu. Ya sita au ya saba ndege wadogo wanarudi matawi ya chini. Mtoto mdogo afumbe macho, na kila sauti mpya akunje kidole. Vidole kumi vikiisha, aanze upya. Wangu waliwahi kugombana kama tumbo la baba linalolia linahesabika.

Hondohondo utamsikia kabla ya kumwona. Mabawa yake yanavuma kama mtu anapepea jiko la mkaa kwa nguvu. Ndege huyu ana kisa ambacho watoto hawakisahau. Wakati wa kutaga, jike anaingia kwenye tundu la mti, na mlango unazibwa kwa udongo unaoletwa na dume, unabaki ufa mwembamba tu. Humo ndani anatotoa na kulea, na chakula chote kinapitishwa na mume kwenye ule ufa, miezi kadhaa. Sasa fikiria anahitaji mti mzee kiasi gani ili kuwe na tundu la kumtosha. Kila mti mkubwa wenye shimo unaoonekana hauna faida ni nyumba ya mtu.

Kwa yule mkubwa, chukua kamba au utepe wa fundi cherehani. Afunge shina kwenye kimo cha mita 1.3 kutoka ardhini, hapo ndipo sisi mabwana miti tunapopimia. Mzunguko agawanye kwa 3.14, amepata unene wa kipenyo. Afanye kwa miti mitano anayoipenda, aandike, na mwakani arudi kuipima ileile. Mti wenye mashina yaliyotanuka chini kama mbawa hupimwa juu ya hizo mbawa, kwa hiyo auache au aombe kupandishwa mabegani.

Kuhusu kijana aliyewaongoza, usimlaumu. Wageni wengi wanatazama saa, naye amejifunza kuwawahisha. Mwambie tangu getini: leo hatuna haraka, tuna bibi, tunataka kukaa. Mlipe na muda wake. Wengi wao wanajua mengi sana, hawajapata wa kuwauliza.

Mwezi wa sita hadi wa nane ni mzuri, kuna ubaridi, njia imekauka. Masika ni utelezi na mbu, lakini msitu unapendeza vibaya. Nenda mara moja kwenye kila msimu kama unaweza.

Na Duluti? Rafiki yako hajakosea. Pale Tengeru, ukitoka Arusha liko mkono wa kulia wa barabara ya Moshi, ziwa la kreta lililotokana na volkano za Meru, na msitu wa hifadhi umelizunguka kama ukosi wa shati. Unatembea chini ya miti huku maji yanamemeta upande mmoja, kwa watoto ni raha zaidi, na kuna kenge wanaoota jua ukingoni, wakubwa wa kumtisha hata baba. Hakuna mto unaoonekana ukiingia wala ukitoka. Nalo linalishwa na maji ya chini. Nimewahi kusikia mtu akiwaambia wageni kwamba kina chake ni mamia ya mita, wengine husema halina mwisho. Vipimo vinasema kama mita 9. Watafiti wamelitoboa tope la chini wakasoma historia ya hali ya hewa kwenye matabaka yake. Ila usiende Jumamosi ukidhani utapita haraka, siku hiyo ni soko la Tengeru na barabara ni ya wenye ndizi.

Lakini kwako naanza na Rau, kwa sababu ni karibu. Duluti utakwenda mara moja kwa mwaka na kila safari utataka mwone kila kitu, mtarudi kulekule kwenye kutazama saa. Rau unaweza kwenda Jumamosi asubuhi, mkakaa vituo vyenu vitatu, na saa nne mkawa nyumbani mnakunywa chai.

Ombi moja. Majina ya miti ya Kibosho, Machame, Marangu na Rombo hayafanani, nami nimekuwa nikiyaandika kwenye daftari tangu nistaafu. Ya Kibosho nina machache. Mama mkwe akitaja jina lolote mkiwa humo ndani, liandike kama alivyolitamka na uchore jani lake pembeni, unitumie. Na mdogo avae soksi zinazofika magotini.